Pikipiki Iliyogeukia Kusini

Asubuhi nyumbani kwa Njaka ilinukia vitu viwili. Kwanza vitumbua. Mkewe Ravaka alivikaanga mapema na kuviuza kando ya barabara, nje kidogo ya mji wa Ambositra. Pili mbao. Njaka alikuwa fundi wa madirisha, na randa yake iliamka kabla ya jogoo.

Agosti hiyo mama yake Njaka, Mama Ravolona, aligoma kula. Alikaa kwenye kigoda karibu na moto, blanketi mabegani.

"Kula basi, mama," Ravaka alimwambia. "Vitumbua vinapoa."

"Vipoe tu. Mwanangu amelala kwa watu baki, mimi nile vya moto?"

Mwana huyo alikuwa Solofo, kaka mkubwa wa Njaka. Alikuwa amehamia Toliara, mbali kusini, akiendesha pikipiki ya abiria. Homa ilimuua huko miaka mitatu nyuma. Wakamzika mchangani kwa muda. Lakini mtu hajafika kwake mpaka mifupa yake iingie katika kaburi la ukoo, kile chumba cha mawe kilimani. Mnajimu alikuwa ameshasoma siku: kaburi lingefunguliwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Likishafungwa, lingekaa hivyo miaka saba.

Mama Ravolona hakuwa na miaka saba. Kila mtu pale nyumbani alilijua hilo, na yeye alilijua kuliko wote.

"Nendeni mkamlete," alisema. "Mje naye kwa pikipiki yake mwenyewe. Aliipenda kuliko mke. Ila sikilizeni. Ukoo wetu haumfungi maiti kwa chuma. Kamba ya katani, sawa. Mnyororo usimguse."

"Haumgusi, mama," Njaka aliahidi.

Wakamwachia mama binti yao Fitia, wakapanda basi kwenda kusini.

Toliara, mifupa ilitolewa mchangani, ikafungwa katika hariri nyeupe na kulazwa ndani ya sanduku dogo la mbao. Njaka alilitengeneza sanduku hilo kwa mikono yake. Pikipiki ilikuwa kwa jirani wa Solofo. Jirani alitoa pia mnyororo mnene na kufuli lake.

"Chukueni na huu," alisema. "Solofo hakulala bila kuufunga. Hata akienda chooni!"

Njaka akacheka. "Uache hapa hapa. Sisi tuna mwiko. Halafu ni nani wa kuiba pikipiki iliyobeba maiti?"

Jirani alitikisa kichwa. Akaurudisha mnyororo ndani.

Waliondoka Jumatano. Njaka aliendesha, Ravaka alikaa katikati, na sanduku lilifungwa kwa kamba kwenye karia, nyuma ya mgongo wake. Bendera ndogo nyeupe ilipepea kwenye usukani, ili wapita njia wajue ni nani anayepita. Wachunga ng'ombe walivua kofia. Magari makubwa yaliwapisha.

Mchana walisimama kwenye kijiji kimoja cha vumbi. Mtu mwenye kofia ya ukindu alikuwa akiuza petroli kwenye chupa.

"Mmebeba nini?" aliuliza huku akimimina.

"Kaka yangu," Njaka alijibu.

Mtu yule akavua kofia. "Poleni sana. Njia ni ndefu. Leo mnalala wapi?"

"Ihosy. Kesho Ambalavao. Keshokutwa tuko nyumbani, Mungu akipenda."

"Na usiku mnaifungaje?"

"Hatuifungi. Chuma ni mwiko. Yeye mwenyewe ndiye mlinzi," Njaka alisema, akipigapiga sanduku kwa kiganja.

"Kweli," alisema mtu yule. "Nani angethubutu?"

Waliiacha pikipiki hapo, uso wake ukielekea kaskazini, njia ya nyumbani. Wakavuka barabara kwenda kula wali. Ravaka hakuwa na hamu. Alikula matonge mawili, akatoka nje kunawa.

Pikipiki ilikuwa imegeuka. Ilielekea kusini, kule walikotoka.

Ravaka alisimama na maji yakimdondoka vidoleni. Hapakuwa na mtu. Chupa za petroli zilikuwa mezani, lakini muuzaji hakuonekana. Upepo ulikuwa umekufa. Bendera ililala kwenye usukani kama kitambaa kilicholowa.

"Baba Fitia!" aliita. "Njoo uone."

Njaka alikuja akilamba vidole. Akaacha kulamba.

"Labda uliiweka hivi," Ravaka alisema, ingawa alijua sivyo.

"Niliiweka hivi mimi?" Njaka akacheka, kicheko kikavu. "Solofo huyo. Kakaa kusini miaka kumi, hataki kuondoka." Akainamia sanduku. "Kaka, twende. Mama anakungoja."

Lakini mguu wake uliteleza mara tatu kwenye kiki kabla injini haijawaka.

Jioni walifika Ihosy. Maiti haingizwi wanamolala wazima. Kwa hiyo waliiegesha pikipiki uani, ubavuni mwa ukuta, sanduku likiwa juu yake. Hawakufunga kitu.

Kulipopambazuka Ravaka alitoka kwanza. Umande ulikuwa umelowesha ua wote. Chini ya ukuta palibaki kipande kimoja kikavu, chenye umbo la pikipiki, kama mahali alipolala ng'ombe. Pikipiki yenyewe haikuwapo hapo. Ilisimama peke yake karibu na lango, na ilielekea kusini tena. Sanduku lilikuwa salama. Kwenye usukani palikuwa na unyasi mbichi, umefungwa fundo moja.

Ravaka hakuugusa.

"Shemeji," alinong'ona, "tumekukosea nini?"

Njaka alipouona unyasi hakucheka tena. Aliwasha pikipiki bila kunywa chai.

Siku nzima walipanda kuelekea nchi ya milima. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, sanduku lilimgonga Ravaka mgongoni. Halikumuumiza. Liligonga taratibu, kama mtu anayebisha hodi na hajibiwi. Alitaka kumwambia mumewe, akaona aibu. Hatimaye alisema, "Hivi, kama kweli hataki kwenda?"

"Mama anamtaka," Njaka alijibu bila kugeuka. "Mama akimtaka mtu, anakwenda."

Walifika Ambalavao ukungu ukianza kushuka kutoka majabalini. Nyumba ya wageni ilikuwa juu ya kilima. Mwenye nyumba, Mama Zafisoa, alikuwa mjane mnene mwenye sauti ya kuitia watu sokoni.

"Karibuni! Poleni na msiba. Mmechoka kama mliibeba nyinyi hiyo pikipiki!" Kisha akauona unyasi kwenye usukani, ambao hakuna aliyethubutu kuufungua. Akausogelea. "Huu kaufunga nani?"

Ravaka akamweleza yote. Kugeuka kwa kwanza, kugeuka kwa pili, umande, sanduku lililobisha mgongoni. Alieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia ndoto mbaya.

Mama Zafisoa alisikiliza hadi mwisho. "Pale mlipokula wali," aliuliza, "upande wa kusini pakoje? Tambarare?"

"Mteremko," Njaka alisema.

"Na Ihosy, kutoka langoni?"

Njaka alifikiri. "Mteremko."

"Basi. Pikipiki haikugeukia kusini, babu wewe. Iligeukia bondeni. Mwizi hawashi injini pale pale. Anaipeleka kwenye mteremko, anaiachia iteleze kimya, anakuja kuiwasha mbali. Mara ya kwanza alikuwa anajaribu: je, usukani umefungwa? Je, mwenyewe anatoka? Ravaka kamtoa mbio bila kujua. Mara ya pili wakafika langoni. Pengine mgeni aliamka kuwahi basi, wakatimka. Na huu unyasi ni alama wanayoachiana. Unasema: hii haina kufuli." Akaufungua kwa kucha, akautupa. "Maiti hafungi nyasi, wanangu."

Njaka alikuwa amekunja uso. "Lakini mwizi naye ana wazee wake. Haogopi kumgusa maiti?"

"Anaogopa. Ndiyo maana bado mna pikipiki. Lakini hofu inamchelewesha mwizi, haimzuii. Unajua leo angefanya nini? Angekata kamba, akalitua sanduku mtaroni kwa adabu zote, akaomba radhi, akaondoka. Ukungu huu! Mngemtafuta Solofo mtaroni mpaka Jumatatu."

Ravaka alifunika mdomo. Akilini alimwona mama mkwe wake kilimani Jumamosi, mikono mitupu, na mlango wa mawe ukifungwa.

"Nilimwambia yule mtu wa petroli kila kitu," Njaka alisema polepole. "Tunapolala. Kwamba hatufungi. Nikamwambia kaka ndiye mlinzi."

"Hapo ndipo mlipokosea hasa," alisema Mama Zafisoa, na sauti yake ya sokoni ikashuka. "Maiti hulindwa. Halindi. Mmemwacha nje peke yake usiku kucha, halafu mnamlaumu kwamba anageuka."

Ukungu uliingia uani, ukapita miguuni mwao.

"Lakini mwiko wa mama," Ravaka alisema mwishowe. "Chuma kisimguse."

"Kisimguse nani? Pikipiki au Solofo?"

"Solofo."

"Basi mshusheni Solofo!" Mama Zafisoa alicheka. "Barabara hii wanapita nayo wafu wengi kuliko harusi. Nina kibanda kule pembeni, kaskazini mashariki ya ua, upande wa mababu, kina paa na mkeka. Hapo hulala wageni wasiokula. Mmoja wenu akae naye kwa zamu. Ndiyo heshima. Pikipiki niachieni mimi. Marehemu mume wangu alizunguka nchi nzima kwa pikipiki. Mbili ziliibwa. Ya tatu alizeeka nayo, kwa sababu alijifunza."

Walilibeba sanduku hadi kibandani. Kisha Mama Zafisoa akaanza kazi, na Njaka akamfuata.

"Kwanza, usiegeshe gizani au palipojificha. Weka chini ya dirisha la mtu anayelala usingizi mwepesi. Dirisha langu hilo. Pili, uso wake uelekee ukutani, mgongo ndio uwe mteremkoni. Mwizi ageuze kwanza, atoe jasho. Tatu, pinda usukani uufunge kwa ufunguo. Ufunguo mfukoni, si chini ya mto, wala si kwenye kikombe."

"Nne?" Njaka aliuliza. Alianza kutabasamu.

"Usinihesabie, nitasahau. Lete huo mnyororo wa marehemu na kufuli lake, hapo nyuma ya mlango." Ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono wa mtoto. "Angalia. Watu wengi wanafunga gurudumu la mbele tu. Mwizi analifungua gurudumu, anakuachia, anaondoka na pikipiki. Pitisha kwenye gurudumu la nyuma na kwenye chuma cha mwili wake, yote mawili. Halafu uzungushe kwenye kitu kilichozama ardhini. Nguzo hii ya baraza ina zege. Mti mwembamba hukatwa. Na usiuache mnyororo ulale chini, maana ukilala chini anaupiga nyundo juu ya jiwe. Ukaze uning'inie."

Njaka akakaza. Kufuli likalia, ka!

"Sasa funga bomba la petroli. Chomoa na waya wa plagi, uweke mfukoni pamoja na ufunguo. Namba ya chesisi umeiandika mahali?"

"Bado."

"Iandike, na isikae kwenye pikipiki. Ikiibwa, polisi watakuuliza hiyo kabla hawajakuuliza jina. Na kesho njiani, mtu akikuuliza unalala wapi?"

"Namwambia bado sijui."

"Mwambie kwa mama mkwe. Hakuna mwizi anayependa kwenda huko."

Wote watatu wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ravaka kucheka tangu Toliara.

Njaka alikaa kibandani kwanza. Alfajiri Ravaka alimpokea, akajifunika blanketi, akaketi kando ya sanduku. Ukungu ulikuwa mzito hata hakuiona nyumba. Alimsimulia Solofo habari za nyumbani: bei ya mchele, jino la Fitia lililong'oka, mama kugoma kula. Maneno yakamwishia. Kope zikawa nzito.

Mtu akakohoa karibu na sikio lake.

Ravaka alifumbua macho. Alikuwa peke yake na sanduku. Kulikuwa kumekuwa kweupe, weupe usio na jua wala kivuli. Ukungu ulipasuka kidogo upande wa baraza. Chini ya dirisha, kando ya pikipiki, mtu alikuwa amechuchumaa. Alikuwa amevikwa nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, kama wanavyovikwa wanaolazwa kaburini. Mikono yake ilitembea juu ya gurudumu la nyuma taratibu, kama inayomtafuta mtu kwa kupapasa.

Ravaka aliinuka. "Shemeji?" aliita. "Ni wewe?"

Kile cheupe kiliinua kichwa. Hakikuwa na uso, ni kitambaa tu na mpasuko mweusi wa macho. Kilimtazama. Muda ule Ravaka aliamini kabisa, na alikuwa tayari kupiga magoti.

Ndipo aliposikia mnyororo ukilia, na chuma kikiuma chuma.

Maiti hana haja ya mkasi wa kukatia vyuma.

"Mwiziii!" Ravaka alipiga yowe. "Baba Fitia! Mwizi!"

Dirisha lilifunguliwa kwa kishindo. Mama Zafisoa alitokea na sufuria na mwiko, akaipiga sufuria mpaka mbwa wa kilima kizima wakaitikia. Cheupe kile kikaruka. Cha pili, ambacho Ravaka hakuwa amekiona, kikachomoka nyuma ya nguzo. Walikimbilia bondeni, ukungu ukawameza. Zilisikika nyayo zikishuka, kisha jiwe moja likibingirika, kisha kimya.

Njaka alifika akiwa na kiatu kimoja. Kwenye uzio palining'inia blanketi jeupe. Chini ya pikipiki palikuwa na kofia ya ukindu. Mnyororo ulikuwa na alama ya meno ya mkasi, si zaidi ya ukucha. Haukukatika.

"Huyo!" Njaka aliiokota kofia. "Ni yule aliyetupa pole!"

"Mwizi mwenye adabu," alisema Mama Zafisoa akihema. "Hao ndio wabaya. Hiyo kofia na blanketi tutavipeleka polisi asubuhi hii hii, pamoja na ile namba."

Ravaka aliwageukia. "Ni nani kati yenu aliyekohoa?"

"Mimi nilikuwa ndani, nimelala," Njaka alisema.

"Mimi sikohoi," alisema Mama Zafisoa. "Nilikohoa mara ya mwisho nikiwa msichana."

Walitazamana. Kisha wote watatu wakageuka kutazama kibanda. Mama Zafisoa alikwenda, akamimina kikombe cha chai ya moto, akakiweka juu ya mkeka mbele ya sanduku.

Kabla hawajaondoka, aliutia mnyororo mikononi mwa Njaka. "Nenda nao. Ukipata wako, nirudishie wangu na mfuko wa mchele."

Siku hiyo waliposimama kula, Njaka alifunga pikipiki kwenye nguzo. Ravaka alilipakata sanduku mapajani, kivulini, hatua chache kutoka hapo. Walikula kwa zamu. Kijana mmoja aliwauliza wanalala wapi. "Kwa mama mkwe," Njaka akasema, na Ravaka akageuka upande asionekane akicheka. Pikipiki ilibaki kama walivyoiweka. Walifika nyumbani Ijumaa, jua bado liko juu.

Jumamosi kilima kilijaa watu, ngoma na filimbi. Wageni walikuja kwa pikipiki na kuzitupa ovyo chini ya miti, funguo zikining'inia.

"Kwenye kaburi nani ataiba?" walimwambia Njaka walipomwona na mnyororo. "Umekuwa mzungu wewe?"

"Leteni hapa," alisema. Aliwasimulia habari ya kitu cheupe katika ukungu. Alipofika kwenye mkasi, hakuna aliyecheka tena. Walizipanga pikipiki mstari mmoja mbele ya mshonaji wa sanda aliyeketi na cherehani yake, usukani umepindwa. Mnyororo mmoja ukapita katika magurudumu ya nyuma hadi kwenye nguzo ya lango. Jioni kila mtu aliikuta yake. Wiki iliyofuata duka la vyuma la pale mjini liliishiwa minyororo, na Njaka akamrudishia Mama Zafisoa wake, pamoja na mfuko wa mchele.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile, mlango wa mawe ulipofunguliwa, wanawake waliketi chini kwenye mikeka kuwapokea wafu wao, waliotolewa ili wavikwe sanda mpya. Njaka alifungua sanduku. Ravaka alitoa kifurushi cha hariri kwa mikono miwili, akakilaza kwenye mapaja ya Mama Ravolona.

Ngoma zilipungua. Mama Ravolona alikishika, akakipima mikononi, akakisogeza karibu na kifua.

"Jamani," alisema, "mbona mwepesi hivi? Siku niliyomzaa alikuwa mzito kuliko leo."

Akaanza kumbembeleza.